Mkono Uliopanda Pembe

Bibi Bernadina alizipanga pembe zake za kuumikia kwenye ungo, kubwa mbele, ndogo nyuma, halafu akaukagua mgongo wangu kama mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe.

"Mgongo mpana hivi unaumwa na nini?" akauliza. "Ningekuwa nao mimi enzi za kahawa, ningebeba magunia mpaka mnyapara mwenyewe aniombe nipumzike."

"Ni kichomi, Bibi. Nikivuta pumzi kinanichoma hapa, chini ya bega. Nikikohoa ndiyo usiseme."

"Na maziwa yanakauka," mama mkwe wangu akadakia. "Mtoto anavuta, anaachia, analia. Huyu mkubwa akilala kitandani, huyu mdogo atakula nini? Ndiyo maana nimekuita mapema yote hii."

Mama Cresensia alikuwa amesimama karibu na mafiga, amembeba mwanangu Anselmi mgongoni. Tangu nijifungue, mgongo ule ndio uliokuwa kitanda cha mtoto. Alifagia naye, alikama naye, aliteka maji naye. Mimi nilipewa wakati wa kunyonyesha tu, na hata hapo alikaa pembeni akisubiri arudishiwe, kama mtu aliyeazimisha chungu chake kwa jirani asiyemwamini.

Mume wangu, Raphaeli, alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu. Zahanati walinipa vidonge vyeupe na kuniambia nikizidiwa niende hospitali. Nilizidiwa, lakini mwaka ule dizeli ilitafutwa kama dawa. Lori lililokuwa likitushusha Karatu lilikuwa limeegeshwa kwa majuma, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kutembea nisingeweza. Kutoka kitandani hadi mlangoni tu nilikuwa nashika ukuta.

Basi nikavua blauzi. Nilikuwa naogopa, sifichi. Sikuwahi kuumikwa. Niliwaona wengine wakitoka kwa Bibi Bernadina na miduara myeusi mgongoni, wakisema wamepona, nami nikasema moyoni kwamba mimi nitapona kwa njia nyingine. Sasa njia nyingine haikuwepo. Nilichofanya ni kuuchemsha wembe. Kule kisomoni, darasa letu la jioni, mwalimu alitufundisha kwamba wembe unaokata ngozi uchemshwe kwanza, nami nilikuwa nimeutia kwenye kisufuria tangu alfajiri.

Bibi Bernadina alichungulia kile kisufuria. "Kisomo kimekufundisha kupika wembe? Tia na chumvi basi, tule."

Nilicheka, kichomi kikanichoma, nikaacha.

Nililala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe. Bibi alinikanda kwa maji ya vuguvugu, akaisimamisha pembe ya kwanza chini ya bega, akaweka mdomo wake kwenye ncha iliyotobolewa, akafyonza. Nilihisi nyama yangu ikiinuka kutoka mifupani na kuingia ndani ya pembe. Nta alikuwa ameificha shavuni. Aliisukuma kwa ulimi, akaziba tundu. Pembe ikasimama peke yake. Akapanda ya pili, ya tatu. Baadaye akazing'oa zote, akachanja chale ndogondogo pale ngozi ilipovimba, chwa, chwa, chwa, kisha akazipanda tena palepale. Safari hii nilihisi joto. Damu ilikuwa imeanza kutoka.

"Haya," akasema, akijifuta mdomo. "Zinakunywa. Usigeuke, usikae, usikohoe kama unaweza. Na wewe Cresensia, masharti unayajua."

"Nayajua."

"Yaseme."

Mama Cresensia aliyasema kama mtoto anayesoma katekisimu. "Mkono uliopanda pembe ndio unaoing'oa."

"Na mwingine akiing'oa?"

"Ugonjwa unamwingia."

"Unamwingia nani?"

"Aliyeing'oa."

"Hewaa."

Sharti hilo kila mtu kijijini alilijua, na hadithi yake pia. Bibi Bernadina si wa kwetu. Alitoka upande wa Singida akiwa msichana, akamfuata mumewe kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Mumewe akafia huko, yeye akabaki, na kwenye Operesheni ya kuhamia vijijini akahamishiwa kijijini kwetu pamoja na pembe zake. Huko kwenye kahawa, alisema, palikuwa na kijana mmoja, mbishi, aliyeng'oa pembe za mkewe kwa sababu alichelewa kupikiwa. Mke akainuka mzima siku ile ile. Yule kijana, kahawa ilipochanua, hakuwepo.

Mimi hadithi ile niliisikia kama hadithi. Mama Cresensia hakuisikia hivyo. Alipokuwa bado mke mdogo alifiwa na mtoto mchanga, na kwa desturi ya zamani ya Wairaqw alitengwa. Aliwekwa kwenye kibanda chini ya shamba. Chakula aliachiwa juu ya jiwe. Hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyemgusa, kibuyu chake cha maji hakikuchanganywa na vya wengine, mpaka wazee walipoona yaliyomwingia yametoka. Haya aliniambia Raphaeli; yeye mwenyewe hakuwahi kuyataja. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akizunguka mbali na kitu chochote chenye damu ya mtu, na jinsi alivyonawa mikono kwa majivu mara tu kikombe cha mgonjwa kilipomgusa.

Bibi Bernadina alichukua jembe lake lililoegemezwa ukutani. Pembe zikiwa zinakunywa, yeye huenda kuchimba shimo; damu ya mtu, anasema, haitupwi jalalani mbwa wakailamba.

"Nitachimba hapa nyuma, kwenye migomba."

"Hapana, Bibi," Mama Cresensia akasema haraka. "Si hapo. Mtoto atakuja kutambaa hapo. Nenda mbali kidogo, kule ukingoni mwa korongo."

"Na ukungu huu? Nitaona hata jembe langu?"

"Tafadhali, Bibi."

"Haya, haya. Wairaqw kwa kuogopa." Akatoka. Nilisikia katambuga zake za tairi zikikanyaga majani mabichi, halafu sikusikia tena.

Kijiji chetu kiko juu, mashamba yanapoishia ndipo msitu wa Ngorongoro unapoanzia, na asubuhi za masika ukungu unashuka kutoka huko ukakaa juu ya mahindi hadi saa za chai. Kwenye ukungu kama ule, sauti inatoka popote. Ndiyo maana mbwa walipoanza kubweka sikujua ni wa upande gani. Kisha ikapigwa yowe. Kisha nyingine, karibu zaidi. Nikatambua sauti ya Martini, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Fungeni milango! Mbogo! Mbogo amejeruhiwa, ana mshale! Asitoke mtu nje!"

Mama Cresensia alifunga mlango, akashusha komeo, akaegemeza na kinu.

"Bibi Bernadina," nikasema.

"Nyamaza."

"Mama, Bibi yuko korongoni."

"Nimesema nyamaza, mwanangu."

Tukanyamaza. Nilikuwa nimelaza shavu kwenye ngozi ya ng'ombe, naona tu miguu ya Mama Cresensia na chini ya mlango, pale mwanga unapoingia. Ukungu ulikuwa unaingia pale, taratibu, kama moshi. Mbwa wakabweka, mara mmoja akalia kilio kifupi, wengine wakakimbia. Ardhi ikatikisika. Nilidhani ni moyo wangu. Kisha nikasikia pumzi.

Haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya ukuta, upande wa kichwa changu. Pumzi nzito, yenye maji ndani yake, ikitoka na kukwama, ikitoka na kukwama. Ukuta wetu ni wa fito na udongo. Kitu kiliuegemea, na udongo ukamomonyoka ukaniangukia kwenye nywele. Nilihisi harufu ya matope na ya mnyama, na mgongoni zile pembe tatu zilizosimama zikitikisika kila nilipotetemeka. Nilijikaza nisitetemeke. Ndivyo nilivyozidi kutetemeka.

Na hapo Anselmi akaamka.

Alianza kwa kunung'unika. Mama Cresensia akaanza kurukaruka taratibu, mkono nyuma, akimpigapiga. Mtoto akafungua kinywa chake na kulia. Nyuma ya ukuta ile pumzi ikasimama.

"Mlete," nikanong'ona. "Nimpe titi."

"Utampaje umelala hivyo?"

"Nigeuke kidogo."

"Usigeuke! Damu itamwagika ndani ya nyumba."

Alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia, akauzika uso wake kifuani na kumfunika kwa kanga. Kilio kikawa cha chini chini, kama cha mtu aliye kisimani. Maziwa yangu, ambayo kwa siku nyingi yalikuwa yanakataa, yakaanza kutoka yenyewe. Niliyahisi yakilowesha ngozi chini yangu. Nilikuwa natoka damu juu na maziwa chini, na mwanangu yuko hatua chache kutoka kwangu anafunikwa pumzi ili mnyama asimsikie. Nilimwomba Mungu, wala sikupanga maneno.

Ukuta ukalia. Kitu kizito kikajikuna, kikaguna, kisha kwato zikaondoka, kwanza polepole, baadaye mbio, kuelekea kwenye mahindi. Tulisikia mabua yakivunjika. Tulisikia watu wakipiga madebe mbali huko chini.

Mama Cresensia akamfunua mtoto. Alikuwa amekuwa mwekundu, jasho tupu, lakini alikuwa anapumua, na mara akalia kwa nguvu zake zote. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile.

"Sasa Bibi atakuja," nikasema. "Atakuja azitoe."

"Atakuja."

Hakuja. Ukungu ukaanza kupasuka, mwanga wa chini ya mlango ukageuka kuwa wa njano, na hakuja. Zile pembe zilikuwa zimekuwa nzito. Mwanzoni zilivuta, sasa zilikaa tu, kama mawe matatu, na pale chini ya bega nyama ilikuwa imekufa ganzi huku kandokando pakiwaka moto. Moja ilikuwa imelegea upande. Kijito cha joto kilikuwa kinateremka mbavuni mwangu, tone likafuata tone, likaingia kwenye manyoya ya ngozi. Sikumwambia. Nilijua akiiona ile damu atazidi kuchanganyikiwa.

Mtoto analia. Mama Cresensia anachovya kidole kwenye maziwa ya ng'ombe, anamlambisha, mtoto anatema, analia. Anamwimbia kwa Kiiraqw, sauti inamkatika, anaanza upya.

Martini akaja kuongea kupitia mlangoni. "Hodi humu. Mko wazima?"

"Wazima," Mama Cresensia akajibu bila kufungua. "Bibi Bernadina yuko wapi?"

Nilisikia akisogeza miguu kwenye tope.

"Martini!"

"Mama, tulidhani yuko kwenu." Sauti ilishuka. "Tumekuta jembe lake ukingoni mwa korongo. Na katambuga moja. Majani yote pale yamelazwa, na yana damu."

"Yeye je?"

"Hatujamwona. Mbogo amerudi kuingia korongoni, hatuwezi kushuka mpaka askari wa hifadhi waje na bunduki. Msifungue kwanza. Mwombeeni tu."

Nyayo zake zikaondoka. Mama Cresensia alibaki amesimama katikati ya nyumba, mtoto mikononi, akinitazama mgongo. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba aliogopa kuliko mimi.

"Mimi nilimpeleka," akasema. "Alitaka kuchimba hapa kwenye migomba."

"Mama, hukujua."

"Mkono uliopanda umekufa," akasema tena, taratibu, kama anajieleza mwenyewe. "Sasa nani anang'oa?"

"Mama, zitoe wewe."

Alirudi nyuma hatua moja.

"Ni pembe tu, Mama. Pembe za ng'ombe. Zitoe nimnyonyeshe mtoto."

"Usiseme ni pembe tu! Umesoma kisomo, sawa, soma. Lakini hukuwepo mimi nilipokuwa kule chini." Akaonyesha kwa kidevu upande wa shamba. "Hujui kuwekewa chakula juu ya jiwe. Hujui kuona mama yako mzazi anapita njiani anageuza uso. Mimi najua. Kitu kikikuingia, kinakuingia. Na mimi ndiye ninayembeba huyu mtoto. Kikiniingia mimi, nitambebaje?"

Kisomoni hatukufika huko. Nilipeleka mkono wangu mwenyewe nyuma, nikapapasa, nikaigusa ile ya chini kwa ncha za vidole. Mama Cresensia aliinama haraka, akaushika mkono wangu juu ya kifundo.

"Ukijing'olea mwenyewe unajirudishia. Umeletewa Bibi ili upone, si ili urudi nyuma."

"Basi nifanye nini?"

"Tungoje. Pengine hajafa. Pengine amejificha."

Tukangoja. Sijui ni kwa muda gani. Najua tu kwamba masikio yangu yalianza kuvuma kama mizinga ya nyuki. Kilio cha Anselmi kikawa kinaenda mbali na kurudi, kinaenda mbali na kurudi. Miguu ya Mama Cresensia niliyokuwa naiangalia ikaanza kuingia kwenye giza, na mimi nilijua ni mchana, jua lilikuwa linaingia chini ya mlango.

"Mama."

"Nipo."

"Sikuoni."

"Niko hapa, mbele yako. Evarista! Niangalie."

"Nakuangalia. Sikuoni."

Nilisikia akishusha pumzi, pumzi moja ndefu. Nilisikia akimlaza mtoto kitandani, mbali, kwenye kona, na kumzungushia nguo ili asibingirike. Alimbusu. Najua alimbusu kwa sababu busu lile lilikuwa na sauti, na lilikuwa refu, la mtu anayesafiri. Kisha akapiga magoti kando yangu. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya korongoni.

"Yesu, Maria na Yosefu," akasema, akaishika pembe ya juu na kuivuta.

Nilipiga kelele. Haikutoka. Nyama yangu yote ilivutika pamoja nayo.

"Nta, Mama," nikasema, nikipumua kwa shida. "Itoboe nta kwanza. Pale kwenye ncha. Hewa iingie."

Akatafuta kwa ukucha. Nilisikia mlio mdogo, fyuu, na pembe ikaachia yenyewe kama mtoto aliyeshiba anavyoachia titi. Ikaachia ya pili. Ya tatu, ile iliyolegea, ilianguka kabla hajaigusa vizuri, na damu nyeusi, mabonge mabonge kama maini, ikamwagikia mikononi mwake hadi kwenye viwiko.

Aliikinga iliyobaki kwenye chungu, akaimwagia majivu. Akanifuta mgongo, akanifunga kwa kipande cha shuka safi. Akanigeuza kwa kutumia viwiko, akihofia kunigusa kwa viganja, akaniegemeza ukutani. Mwanga ukarudi kidogo kidogo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake, na ulikuwa umezeeka.

"Mfuate mtoto wako," akasema. "Mimi simgusi tena."

Nilitambaa hadi kitandani. Anselmi alilishika titi kama mwizi aliyefukuzwa, na maziwa yakamjaa hadi yakamtoka puani. Alikohoa, akacheka, akarudi. Nyuma yangu nilisikia Mama Cresensia akisugua mikono kwa majivu. Sabuni dukani ilikuwa haijaonekana kwa miezi. Alisugua, akasuuza, akasugua tena.

Jua lilikuwa limepita utosini tuliposikia mlio wa bunduki korongoni, halafu vigelegele. Baadaye kidogo mlango ukagongwa kwa teke.

"Fungueni! Au mmekula pembe zangu?"

Alikuwa Bibi Bernadina. Mguu mmoja umevaa katambuga, mwingine matope. Gauni limepasuka ubavuni, kichwani majani.

"Bibi!" nikalia. "Walisema kuna damu!"

"Damu ya mbogo, si yangu! Mimi mwanamke mwenye wajukuu nimepanda mringaringa kama nyani. Kupanda nilipanda, sikujua nilipandaje. Kushuka ndiyo kazi. Na lile shetani limelala palepale chini ya mti, linanisubiri kama mleta posa. Nikiita, watu wanapiga madebe, nani atanisikia?" Akacheka, kisha akaniona nimekaa, mtoto kifuani. Kicheko kikaisha. Akatazama ungo. Pembe zilikuwa zimelala pale, zimeoshwa.

"Mkono wa nani?" akauliza.

"Wangu," Mama Cresensia akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono ameiweka magotini, viganja juu, kama mtu aliyepaka hina ambayo haijakauka.

Nilitegemea Bibi acheke. Nilitegemea aseme, ah, yale ni maneno tu ya kuwatishia watoto wasichezee vyombo vyangu. Nilimtazama kwa kumsihi aseme hivyo. Hakusema. Alichuchumaa mbele ya Mama Cresensia, akavigeuza vile viganja, akaviangalia kwa muda mrefu, akavinusa.

"Ulijisikiaje ulipozing'oa?"

"Baridi. Imeingia hapa," akaonyesha kiwiko, "ikapanda hapa begani. Iko hapo bado."

Bibi Bernadina akatikisa kichwa, akanyoosha mkono na kuuvuta ungo.

"Vua hilo gauni begani. Nitautoa huo ugonjwa sasa hivi, kabla haujalala."

"Hapana."

"Cresensia, usiwe mtoto."

"Ukiutoa, utaupeleka wapi? Utauchimbia shimo wapi? Leo umekwenda kuchimba na umeona yaliyotokea. Mimi ndiye niliyekutuma huko." Alizungumza bila hasira. "Ulikuwa kwa mwenye mtoto anayenyonya. Sasa uko kwangu, mimi mzee, sinyonyeshi mtu. Uache hapa hapa."

"Utakuua."

"Basi utakuwa umefika mwisho wake."

Bibi Bernadina alimtazama, akanitazama mimi, akakusanya pembe zake moja moja kwenye kitambaa. Alichukua kile chungu cha damu, safari hii akachimba kwenye migomba, na Mama Cresensia hakumkataza. Alipoondoka hakuaga kwa utani kama kawaida yake.

Mvua ilianza kunyesha alasiri. Mama Cresensia alihamisha kigoda chake nje, chini ya upenu, pale matone yanapoanguka mbele ya vidole vya miguu. Aliniomba kikombe chake.

"Kile cha bati. Na usikichanganye tena na vingine."

Nikampelekea. Aliniashiria nikiweke chini, kwenye jiwe. Niliinama, nikakiweka, nikabaki nimeinama pale kwa sababu nilishindwa kunyanyuka. Si kwa kichomi. Kichomi kilikuwa kimepungua, au hofu ilikuwa imekifunika, sijui.

Alikuwa anamtazama Anselmi mgongoni kwangu. Mimi sikuwa nimezoea kumfunga. Kanga ilikuwa inalegea upande mmoja, na mtoto alikuwa amening'inia kama gunia lililofungwa vibaya.

"Utamwangusha," akasema. "Pitisha chini ya kwapa. Hapana, si hivyo. Kaza."

"Nifunge wewe, Mama."

"Sikugusi."

Nilimfungua mtoto. Nilikuwa naogopa, na niseme wazi nilichokuwa naogopa, kwa sababu si woga wa Mama pekee uliokuwepo pale. Nilikuwa nimeiona ile baridi ikimpanda mkononi alipokuwa akiionyesha. Nusu yangu ilisema ni hofu tu, hofu nayo ina baridi yake. Nusu nyingine ilitaka kumkumbatia mwanangu na kukimbia kwenye mvua mpaka Mang'ola kwa baba yake. Lakini nilijua pia kwamba nikimwacha mama huyu akae nje usiku mmoja na kikombe kwenye jiwe, kesho atashuka mwenyewe kwenye kibanda cha chini ya shamba, na kesho kutwa hatapanda tena. Hatahitaji ugonjwa wowote ili afe. Na alikuwa ameng'oa pembe zile akijua hivyo.

Nikamkalisha Anselmi magotini mwake.

Aliinua mikono yote miwili juu, mbali, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Mtoe! Evarista, mtoe! Una wazimu?"

Mtoto alikuwa bado hawezi kukaa. Nilikuwa nimemshika kiunoni. Alimwangalia bibi yake, akatafuta mgongo wake aliouzoea, hakuuona, akaukunja uso.

"Mtoe, mwanangu, nakuomba. Nitamuua."

"Nishikie, Mama," nikasema. Nikaachia.

Anselmi aliyumba kushoto. Kichwa chake kizito kikatangulia kuelekea kwenye jiwe, kwenye kikombe, na mikono yangu ikaanza kurudi yenyewe, nami nikaizuia. Mama Cresensia alipiga kelele, na mikono yake ikashuka. Ilimdaka. Ilimdaka kwapani na kisogoni, kwa viganja vyote viwili, vidole vyote, ikamvuta kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akaguna.

Alibaki amemshika hivyo, macho amefumba, anasubiri kitu kitokee. Mimi nami nilisubiri. Mvua ilinyesha mbele yetu, korongo halikuonekana. Nilimwangalia mtoto usoni, nikamwangalia bibi yake usoni, nikasikiliza pumzi zao, moja ndogo ya haraka, moja kubwa inayokatika, na sikuthubutu kuvuta ya kwangu.